Tangi la Kioo si Safina

Mfugaji wa uduvi wa mapambo akiulizwa kwa nini anamaliza jioni nzima mbele ya tangi la lita 30, akipima maji na kuhesabu viumbe wasiozidi sentimita 3, mara nyingi hajibu kwamba ni wazuri. Anajibu kwamba anawaokoa. Mito inachafuliwa, maziwa yanavamiwa na samaki wageni, misitu ya kandokando inafyekwa. Lakini sebuleni kwake, chini ya taa, mbegu ipo na inaongezeka. Kila tangi ni safina na kila mfugaji ni Nuhu mdogo. Dhana hii imezoeleka kiasi kwamba wauzaji wanaitanguliza mbele ya bei, na wanunuzi hawaihoji.

Ushahidi unaoletwa kwanza siku zote ni Caridina dennerli. Huyu ni uduvi mwekundu mzito mwenye madoa meupe ubavuni, na miguu yake ya mbele ni myeupe kabisa. Akila juu ya jiwe huichezesha upesiupesi kama mtu anayechambua mchele. Kwao ni Ziwa Matano katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, ziwa la kale lenye kina cha mita 590 hivi. Wanasayansi walimpa jina mwaka 2009, na jina lenyewe limetokana na Dennerle, kampuni ya Kijerumani ya bidhaa za akwariamu. Tangu mwaka 2013 watafiti wanaomtafuta ziwani hawajamwona tena, na shirika la uhifadhi la IUCN limemweka kwenye daraja la walio hatarini kabisa, pengine wamekwisha kutoweka porini. Wakati huohuo anazaliana kwenye matangi ya Ulaya, Asia na Marekani. Basi shauri limekwisha, wanasema watetezi: ziwa limeshindwa, sebule imeweza.

Shauri halijakwisha. Limesikilizwa upande mmoja tu.

Uduvi wa Sulawesi walivuma sokoni kuanzia mwaka 2007 hivi. Walivuliwa ziwani, wakafungwa kwenye mifuko ya maji na hewa, wakasafirishwa hadi nchi ambazo hakuna aliyekuwa amewahi kuwafuga. Maji ya kwao yana joto la nyuzi 27 hadi 30, yana alikali kidogo, na hayageukigeuki. Wapokeaji wengi waliwatia kwenye matangi yaliyoandaliwa kwa ajili ya uduvi wa China na Taiwan, wanaostahimili maji baridi na mabadiliko ya mara kwa mara. Wakafa kwa wingi. Ufugaji wenye mafanikio ulikuja baadaye, juu ya hasara hiyo, na kila mfuko uliofunguliwa ukiwa na uduvi waliokufa ulikuwa umetolewa kwenye ziwa lilelile linalodaiwa leo kuwa limeshindwa.

Yupo pia mshukiwa ambaye wahubiri wa safina hawapendi kumtaja. Miongoni mwa sababu ambazo watafiti wanazihusisha na kupungua kwa viumbe wa Matano ni samaki aitwaye flowerhorn. Samaki huyu hana mto wala ziwa la asili popote duniani. Ni chotara wa samaki wa Amerika ya Kati, ndugu wa mbali wa sato wetu, aliyetengenezwa Malaysia miaka ya 1990 ili apate nundu kubwa ya kichwani ambayo baadhi ya wanunuzi wanaamini inaleta bahati. Alifugwa kwa mapambo, akaachiwa Matano, akaenea. Hula karibu kila kinachoenea mdomoni mwake. Kwa maneno mengine, adui wa uduvi alitoka kwenye tangi la kioo, kwenye burudani ileile inayojipongeza kwa kumwokoa uduvi.

Hapana shaka flowerhorn si mkosaji pekee. Mji wa Sorowako, ufukweni mwa Matano, ni mji wa machimbo ya nikeli tangu miaka ya 1970, na watu wameongezeka kandokando ya maji. Lakini hoja ya safina inawataja wachimbaji na kumruka samaki wa mapambo. Mtu anayedai sifa ya mwokozi hana budi kukubali pia sehemu yake ya lawama.

Na hata akisamehewa lawama hiyo, swali kubwa linabaki: tangi linahifadhi nini hasa?

Uduvi wanaofugwa kwa wingi zaidi duniani ni Neocaridina davidi, wenyeji wa mito na vijito vya China, Korea na Taiwan. Jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa wiki tatu hadi nne, akiyapepea kwa miguu ya kuogelea ili yapate hewa. Watoto hutoka wakiwa na umbo la wazazi wao, wadogo tu, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi kinachoelea. Baada ya miezi michache nao wanabeba mayai. Chujio la sifongo, majani makavu, mimea ya majini na maji yasiyo na shaba vinatosha. Uduvi kumi huwa mamia kabla mwaka haujaisha. Wepesi huu ndio unaowadanganya watu. Wanaona idadi inapanda, wanadhani spishi imehifadhiwa.

Mtoni, uduvi huyu ni wa kahawia iliyofifia au kijani cha matope, rangi inayomficha asionwe na samaki. Tangini anatakiwa awe mwekundu, wa bluu, wa manjano au mweusi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo bei inavyopanda. Kila wiki chache mfugaji makini huwachuja uduvi wake: waliokolea wanabaki, waliopauka wanahamishiwa tangi jingine, wanapewa samaki au wanatupwa. Wekundu wakichanganywa na wa bluu, baada ya vizazi vichache wajukuu wanaanza kurudia ukahawia wa mababu, na hapo mfugaji husikitika kwamba damu yake imeharibika. Yaani uduvi akirudia sura aliyopewa na mto, yeye anahesabu hasara. Hakuna mhifadhi wa faru anayemchinja kila ndama mwenye rangi ya faru.

Mfano ulio maarufu zaidi ni wa Japani. Mwaka 1991 mfugaji Hisayasu Suzuki aliona uduvi mmoja mwekundu miongoni mwa uduvi wake wenye mistari myeusi na myeupe. Alimtenga, akawapandanisha ndugu kwa ndugu, akachuja, na mwaka 1996 akasajili jina la Crystal Red. Ni kazi ya ustadi, ya subira, inayostahili heshima sawa na ya wafugaji wa njiwa au farasi. Lakini ni kazi ya kubana ukoo, si ya kuuhifadhi. Ukoo ulioanzia kwenye badiliko moja la kurithi na ukapita tundu jembamba namna hiyo hauwezi kuwa akiba ya utajiri wa kurithi uliotawanyika kwenye mamia ya vijito vya kusini mwa China.

Tena kwa muda mrefu waliokuwa wakiuza uduvi hawa hawakujua hata wanauza nini. Wale wa jamii ya Crystal Red na wale wenye milia waitwao tiger waliuzwa kwa miaka mingi chini ya jina moja, Caridina cantonensis. Mwaka 2014 ndipo watafiti Klotz na von Rintelen walipochunguza uduvi wa Guangdong na Hong Kong wakaonyesha kwamba ni spishi mbalimbali. Mmoja wakamwita Caridina logemanni, mwingine Caridina mariae. Kufikia wakati huo wafugaji walikuwa wamekwisha kuwachanganya hao wawili kwa makusudi ili kupata madoa na mistari mipya, na machotara wao wanauzwa hadi leo kwa bei kubwa. Nuhu huyu aliingiza wanyama chomboni bila kujua majina yao, na kabla maji hayajapwa alikuwa amewachanganya.

Watetezi hapa hurudi nyuma hatua moja. Wanasema: sawa, si uhifadhi kamili, lakini walau anayezalisha nyumbani anaipunguzia mito mzigo wa uvuvi. Kwa uduvi wekundu wa kawaida hoja hii ina nguvu, kwa sababu karibu wote sokoni ni wazaliwa wa matangi. Inavunjika inapomfikia Caridina multidentata, uduvi aliyepewa umaarufu miaka ya 1980 na Takashi Amano, mpiga picha na mbunifu wa bustani za majini wa Japani. Huyu ndiye anayependekezwa kwa kila anayeanza kwa sababu anakula mwani kwa bidii. Jike lake huachilia viluwiluwi zaidi ya elfu kwa mara moja, wadogo mno, wanaohitaji kufika kwenye maji ya chumvi ili wakue kabla ya kupanda tena mtoni. Wapo wafugaji wachache wanaoweza kuiigiza safari hiyo kwa ndoo na chumvi ya bahari. Sokoni, wengi wa uduvi hawa wamevuliwa. Anayemnunua ili asafishe kioo ananunua kiumbe cha mto, na tangi lake litakuwa kaburi la ukoo huo.

Halafu safina yoyote, ili iwe safina, lazima siku moja ifungue mlango. Ya wafugaji wa uduvi imeshashusha abiria wake mara kadhaa, ila mahali pasipo pao. Mwaka 2013 Klotz na wenzake walieleza kwamba Neocaridina davidi wanaishi na kuzaliana kwenye Gillbach, kijito kilicho karibu na Cologne, Ujerumani, kinachopashwa moto na maji ya kituo cha umeme. Humo waliwakuta pamoja na kamba mwingine wa Asia, Macrobrachium dayanum. Baadaye uduvi hao wakaonekana pia kwenye maji yenye joto ya Poland na Hungary. Hakuna aliyewarudisha kwao. Kuna aliyechoka kuwafuga.

Uduvi hao hawasafiri peke yao. Kila mfugaji mzoefu anamjua Scutariella japonica, mnyoo mdogo mweupe anayejishika kwenye pua ya uduvi, na anajua kumwondoa kwa kumwogesha mgonjwa maji ya chumvi. Ni tiba ya kutosha kwa sebule. Haitoshi kabisa kwa mtu anayedai kwamba ukoo wake utarudishwa ziwani, kwenye maji ambamo konokono, kaa na samaki hawajawahi kukutana na wadudu wa mabara mengine.

Wapinzani wa makala kama hii wana karata moja yenye thamani, nayo haifai kufichwa. Ni samaki wa Meksiko, Zoogoneticus tequila, aliyetoweka kwenye mto Teuchitlán, jimbo la Jalisco. Mwaka 1998 jozi tano zilipelekwa Chuo Kikuu cha Michoacana zikitoka kwa wafugaji wa Ulaya. Zikazalishwa, na baada ya miaka mingi samaki 1,500 wakarudishwa mtoni kwa msaada wa bustani ya wanyama ya Chester, Uingereza. Hapa mfugaji wa nyumbani aliokoa spishi kweli.

Lakini karata hiyo ikisomwa vizuri inawashinda wanaoicheza. Wafugaji wale hawakuwa wameunda samaki mwenye rangi ya kuuzika. Walikuwa wamemtunza kama alivyo, wakijua ametoka mto gani. Chuo kikuu kilimkuza kwenye mabwawa ya majaribio ambamo alilazimika kujifunza kutafuta chakula na kumkimbia adui, kikachunguza vimelea na ubora wa maji, na wenyeji wa Teuchitlán wakashirikishwa kuulinda mto. Tangi lilikuwa kituo cha njiani. Ukiondoa chuo, mabwawa na mto wenyewe, zinabaki jozi tano za samaki kwenye kioo, na watoto wao, na wajukuu wao, hadi mwenye tangi afariki au umeme ukatike.

Kwa uduvi, takwimu zinaonyesha hatari ilipo. Mwaka 2015 De Grave na wenzake walichapisha tathmini ya kwanza ya dunia nzima kuhusu hatari ya kutoweka kwa kamba na uduvi wa maji baridi. Walipima spishi 763. Mbili zilikuwa zimetoweka, 10 pengine zimetoweka, na karibu theluthi moja ya zote ziko hatarini au zinakaribia kuwa hatarini. Katika kundi hilo lililo hatarini au karibu nalo, zaidi ya theluthi mbili zinaathiriwa na uchafuzi wa mashamba na miji. Maradhi yako mtoni, na dawa nayo ni huko.

California inatoa mfano ulio wazi. Kulikuwa na spishi mbili za uduvi wa jenasi Syncaris. Mmoja, Syncaris pasadenae, aliishi kwenye vijito vya eneo la Los Angeles. Mji ulipopanuka na vijito kugeuzwa mifereji, alitoweka. Wa pili, Syncaris pacifica, yupo bado kwenye vijito vya wilaya za Marin, Sonoma na Napa, na mwaka 1988 serikali ya Marekani ilimtangaza kuwa hatarini. Mwaka 1992 wanafunzi wa darasa la nne wa shule ya Brookside, San Anselmo, wakiongozwa na mwalimu wao Laurette Rogers, walianza kumshughulikia. Hawakununua matangi. Waliwaendea wafugaji wa ng'ombe wa bonde la kijito cha Stemple, wakakubaliana kuweka uzio ili ng'ombe wasikanyage kingo, wakapanda mierebi ambayo mizizi yake inaning'inia majini na kuwa makao ya uduvi. Kazi ile ikageuka kuwa mpango wa kudumu ambao umewaingiza maelfu ya wanafunzi kwenye ukarabati wa vijito.

Msomaji wa kandokando ya Ziwa Victoria ameyaona mambo haya kwa macho yake. Sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwamaliza furu kwa mamia ya spishi. Watafiti na bustani za wanyama za Ulaya na Marekani walichukua baadhi yao wakawafuga ili wasipotee. Nia ilikuwa njema, na kumbukumbu zilitunzwa vizuri kuliko zinavyotunzwa na mfugaji yeyote wa uduvi. Hata hivyo furu waliorejea kwenye Ghuba ya Mwanza hawakutoka kwenye matangi hayo. Walitoka ziwani humohumo, uvuvi wa sangara ulipozidi miaka ya 1990 na presha ikapungua. Haplochromis pyrrhocephalus ni mmoja wao, na watafiti walipompima walikuta mashavu yake yamekuwa na eneo kubwa zaidi la kuvutia hewa kuliko ya mababu zake, na mlo wake umebadilika. Ziwa lilikuwa na hewa kidogo na vyakula vingine. Samaki akabadilika pamoja nalo. Ndugu yake wa tangini hakupata somo hilo.

Kwenye ziwa hilohilo kuna uduvi asiyetamaniwa na mfugaji yeyote wa rangi: Caridina nilotica, ambaye Waluo humwita ochong'a. Furu walipopungua yeye aliongezeka mno, akawa chakula kikuu cha sangara wachanga, na leo hukusanywa pamoja na dagaa na kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Thamani yake iko kwenye uhusiano huo wote. Wakitiwa hamsini kwenye kioo kinapatikana kioo chenye uduvi hamsini. Uhusiano ule hauingii humo.

Ziwa Tanganyika linaibana hoja ya safina zaidi. Lina zaidi ya spishi 10 za uduvi wa jamii ya Atyidae zisizopatikana kwingine. Mmoja wao, Limnocaridina iridinae, huishi ndani ya gamba la kombe hai wa ziwani. Anayetaka kumhifadhi uduvi huyu hana budi kumhifadhi kombe, na anayemtaka kombe hana budi kuhifadhi mchanga safi anamochimbia. Mwaka 1993 Cohen na wenzake walionyesha jinsi udongo unaoporomoka kutoka kwenye vilima vilivyofyekwa unavyopunguza aina za viumbe kwenye pwani za ziwa hilo. Mbele ya udongo huo, mtambo bora wa kuchuja maji uliotengenezwa Ujerumani au Japani hauna la kufanya, kwa sababu umefungwa kwenye nyumba nyingine, bara jingine.

Hakuna katika haya linalomtaka mtu auze tangi lake. Kufuga uduvi ni burudani ya bei nafuu, inayomfundisha mtoto kuona nitriti ikipanda na kushuka, gamba likivuliwa, jike akipepea mayai yake. Wafugaji wamegundua mengi kuhusu uzazi wa viumbe hawa ambayo maabara hazikuwa na muda nayo. Kinachopingwa ni cheo cha uhifadhi ambacho biashara imejivika bila kukifanyia kazi. Anayekitaka anajua masharti: aandike wazazi wa uduvi wake walitoka ziwa gani na lini, asichuje kwa rangi, asichanganye koo, awapime vimelea, na akubali kumkabidhi mtafiti uduvi hao bila malipo siku watakapohitajika. Wafugaji wanaofanya hivyo wapo, na ni wachache mno kuweza kuibeba sifa ya soko zima.

Masharti hayo yana kazi huku kwetu pia. Mwaka 2003, jijini Dar es Salaam, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza Ziwa Tanganyika, na mamlaka yake iko Bujumbura. Samaki wa ziwa hilo wameuzwa nje kwa mapambo kwa miongo kadhaa, na uduvi wake wanaweza kufuata mkondo huohuo mnunuzi akijitokeza. Siku atakapokuja mtu kuomba kuwachukua uduvi wa Kigoma kwa jina la kuwahifadhi, aulizwe koo zitaandikwa wapi, nani atakuwa na haki ya kuzidai, ni kiasi gani cha faida kitarudi kupanda miti kwenye vilima vinavyomwaga udongo ziwani, na kama makubaliano yake yanafuata Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kuhusu mgawanyo wa manufaa ya rasilimali za kijenetiki. Asipokuwa na majibu, aombe leseni ya biashara kama mfanyabiashara mwingine yeyote, avue kwa idadi atakayopangiwa, na alipe ushuru.